Mtikisiko unakua: ni shimo jeusi linayumba, au ni hesabu yako?

Grafu iliyopanda haithibitishi kwamba shimo jeusi si thabiti. Mara nyingi kinachokua ni kosa la gridi, au koodineti zilizochaguliwa vibaya, au wimbi lililozuiwa lisitoke. Lakini yapo mashimo ambayo kweli huyumba, na ukiyajua yale ya uongo vizuri, haya ya kweli unayatambua mapema. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kikundi chetu cha fizikia hapa Tanga, tunaokutana Jumamosi jioni barazani Chumbageni na laptopu zetu, na kwa yeyote anayejifunza peke yake somo hili bila mtu wa kumuuliza.

Kazi yenyewe ni hii. Unachukua suluhisho la milinganyo ya Einstein lisilobadilika na wakati, kwa mfano shimo la Schwarzschild, lisilozunguka wala kuwa na chaji. Unalitikisa kidogo sana, unabaki na vipengele vya daraja la kwanza tu, halafu unauliza mtikisiko ule unafifia au unakua. Regge na Wheeler walianza hesabu hii mwaka 1957 kwa aina moja ya mitikisiko, na Zerilli akakamilisha aina ya pili mwaka 1970. Pande zote mbili zinaishia kwenye mlinganyo wa wimbi wa dimensheni moja wenye kilima cha potensheli katikati. Wimbi linagonga kilima, sehemu inaingia shimoni, sehemu inakwenda mbali isirudi.

Kwanza, jua afya inafananaje

Usitafute ugonjwa kabla hujamjua mzima. Kwa shimo lisilozunguka, mtikisiko wa l = 2 unaofifia polepole kuliko yote una Mω = 0.3737 − 0.0890i (l ni namba ya umbo la mtikisiko kuzunguka shimo, M ni uzito wa shimo, ω ni marudio, na sehemu ya imajinari, yenye i, ndiyo kasi ya kufifia). Kwa shimo lenye uzito wa majua 10, hiyo ni takribani hezi 1,200, na ukubwa wa mlio unashuka hadi asilimia 37 kila milisekunde 0.55. Unafifia upesi mno. Tarehe 14 Septemba 2015 vifaa vya LIGO, vya kunasa mawimbi ya mvutano, vilinasa mashimo mawili yakiungana, na mlio wa mwisho wa shimo lililozaliwa, lenye uzito wa majua kama 62, ulikuwa karibu hezi 250 ukazimika ndani ya milisekunde chache. Anga ilitoa jibu lilelile lililokuwa kwenye karatasi kwa miaka mingi.

Programu yako isipotoa 0.3737 na 0.0890 kwa shimo hili rahisi, usiipeleke kwenye shimo gumu. Simama hapo urekebishe.

Dalili: grafu inapanda ghafla, kisha programu inakata

Anza na gridi. Punguza nafasi kati ya nukta kwa nusu, rudia, ulinganishe kasi ya kukua. Kuyumba kwa kweli hakujali gridi yako. Kasi inabaki ileile kwa tarakimu kadhaa. Kuyumba kwa hesabu hubadilika, na kwa kawaida huwa kubaya zaidi gridi inapokuwa ndogo, kwa sababu kosa hukua kwa kila hatua na wewe umeongeza hatua. Chanzo cha kawaida ni hatua ya wakati kuwa kubwa kuliko nafasi ya gridi. Katika vizio ambamo kasi ya mwanga ni 1, hatua ya wakati isizidi nafasi kati ya nukta. Courant, Friedrichs na Lewy walilionyesha hili mwaka 1928, na bado ndilo linaloangusha wengi.

Chanzo cha pili ni kutumia r ya kawaida (umbali kutoka katikati) karibu na upeo wa matukio, mpaka ambao kilichouvuka hakirudi. Mawimbi yanayoingia hubanana pale bila kikomo na hakuna gridi itakayoyafuata. Tumia r* = r + 2M ln(r/2M − 1), inayousukuma upeo hadi hasi isiyo na mwisho, na wimbi litatembea kwa mwendo sawa.

Kuna dalili moja ya hapa kwetu ambayo sijaiona kwenye vitabu. Mtu anaendesha hesabu ndefu, umeme unakatika, anarudisha kutoka kwenye faili aliyohifadhi, na ghafla grafu ina mruko na mlio mpya unaanza. Shimo halijafanya kitu. Mlinganyo wa wimbi unahitaji safu mbili za wakati, ya sasa na ya kabla yake, na faili ilikuwa na moja tu. Hifadhi zote mbili.

Dalili: modi moja (mlio mmoja wenye marudio yake) ina sehemu ya imajinari chanya

Angalia alama. Ukiandika wakati kama e^(−iωt), sehemu ya imajinari hasi ndiyo kufifia. Ukiandika e^(+iωt), mambo yanageuka. Makala mbili ulizochukua huenda zinatumia desturi tofauti, na umezichanganya.

Alama zikiwa sawa, nenda kwenye masharti ya mipaka: kwenye upeo wimbi liingie tu, na mbali kabisa litoke tu. Jumamosi moja kijana wa Ngamiani alileta shimo linalozunguka lenye mlio uliokuwa ukiongezeka.

“Mgosi, hatua nimezipunguza, gridi nimeibana, bado linakua.”

“Pale mwisho wa gridi umeweka nini?”

“Nimeweka sifuri.”

Sifuri pale ni ukuta. Kwa shimo lisilozunguka, ukuta unarudisha mwangwi tu na shimo linaendelea kuunyonya. Kwa shimo linalozunguka, kinachokua ni cha kweli kabisa, ila ni mali ya shimo pamoja na ukuta. Wimbi lenye marudio madogo kuliko mΩ, ambapo Ω ni kasi ya mzunguko wa upeo na m ni namba ya mzunguko wa wimbi, hurudi kutoka shimoni likiwa na nguvu zaidi ya lilivyokwenda. Zel'dovich aliliona jambo hili mwaka 1971. Kwa mawimbi ya mvutano, na shimo lizungukalo karibu na ukomo wake, nyongeza inafika asilimia 138. Ukuta unalirudisha, linaongezwa tena, na hivyo hivyo bila kukoma. Press na Teukolsky waliliita bomu la shimo jeusi mwaka 1972.

Ondoa ukuta, bomu linakwisha. Mwaka 1989 Whiting alithibitisha kwamba shimo la Kerr, yaani linalozunguka, katika anga tupu halina modi hata moja inayokua. Lakini ukuta si lazima uwe wa kompyuta: chembe zenye uzito huzuiwa na mvutano wenyewe zisitoke, na anga ya anti-de Sitter ina mpaka unaorudisha mawimbi kwa asili yake. Hapo ukiona kukua, usikimbilie kulaumu programu.

Dalili: mtikisiko haufifii, unabaki pale pale au unapanda kwa mstari ulionyooka

Karibu kila mara ni l = 0 au l = 1. Katika dimensheni nne, mtikisiko wa l = 0 haubebi wimbi lolote; ni wewe umeongeza uzito wa shimo kidogo. Wa l = 1 wa aina ya Regge na Wheeler ni kuongeza mzunguko kidogo. Wa l = 1 wa aina ya Zerilli ni kulisogeza shimo au kulipa mwendo, jambo ambalo koodineti pekee zinaweza kulifanya na pia kulifuta; mstari unaopanda ni shimo linalotembea mbali na sufuri ya koodineti zako. Hakuna kinachoyumba. Ondoa mabadiliko hayo ya uzito na mzunguko mwanzoni kabisa, halafu tikisa.

Tafadhali usiichukue kanuni ya kuitupa l = 0 kama amri ya kudumu. Tutafika mahali ambapo l = 0 ndiyo yenye habari yote.

Namba zikilipuka pale kwenye upeo peke yake huku kwingine ni shwari, angalia koodineti. Koodineti za Schwarzschild zinavunjika pale hata bila mtikisiko. Hili liliwasumbua watu kutoka 1957 hadi 1970, Vishveshwara alipotumia koodineti za Kruskal, zisizovunjika kwenye upeo, na kuonyesha mtikisiko upi ni mzima kwenye upeo na upi umeharibika tangu mwanzo.

Na kama mlio ulikuwa unashuka vizuri kisha mteremko ukalegea, huo ni mkia wa Price, wa mwaka 1972: baada ya mlio kuisha, mtikisiko hushuka kama t kwa kipeo −(2l+3), yaani −7 kwa l = 2. Ukilegea hadi kulala kabisa karibu na 10 kwa kipeo −16, umefika mwisho wa tarakimu za kompyuta.

Dalili: uzi mweusi unajikata

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae.

Chukua shimo la Schwarzschild la dimensheni nne, uliburute kwenye dimensheni ya tano iliyonyooka, z. Unapata uzi mweusi: kila mahali kwenye z ukikata, unaona shimo lilelile lenye nusu kipenyo r0. Ukiburuta kwenye dimensheni nyingi zaidi unapata breni nyeusi. Kwa kuwa shimo lenyewe limethibitika kuwa imara, mtu angetegemea uzi nao uwe imara. Mwaka 1993 Ruth Gregory na Raymond Laflamme walionyesha kwamba sivyo. Mtikisiko wa l = 0 unaopanda na kushuka kwenye z, wenye mawimbi marefu kuliko takribani mara 7.2 ya r0, unakua kwa kasi ya kipeo. Sehemu moja ya uzi inanenepa, ya jirani inakonda.

Fungua bomba kidogo tu mpaka maji yashuke kama uzi mwembamba, uangalie chini: uzi unajikata kuwa matone. Kwa uzi wa maji, mikunjo inayokua ni ile mirefu kuliko mzingo wake, mara 6.28 ya nusu kipenyo. Cardoso na Dias waliuandika ukaribu huo mwaka 2006. Kwenye maji kinachosukuma ni mvutano wa uso wa maji. Kwenye uzi mweusi kinachosukuma ni eneo la upeo, na eneo hilo ndilo entropia, yaani kipimo cha vurugu ya mfumo.

Sasa makosa ya kutafuta. La kwanza, linalowafanya watu waseme “mbona kwangu hakuna kitu”: sanduku ni fupi. Ukifunga z iwe mzunguko wenye urefu wa mara 6 ya r0, hakuna wimbi refu la kutosha linaloingia, na uzi unabaki shwari milele katika daraja la kwanza. Refusha sanduku lipite mara 7.2. La pili: mtu ameitupa l = 0 kwa mazoea ya dimensheni nne. Pale ilikuwa badiliko la uzito tu. Hapa, ikipanda na kushuka kwenye z, uzito wa jumla haubadiliki. Unahama tu kutoka kipande kimoja kwenda cha jirani, na huko kuhama ndiko kunakokua. La tatu: kutafuta l = 2 na kutangaza uzi ni imara. Mitikisiko ya l = 1 na kuendelea haiyumbi kwenye uzi huu.

Na mwisho wake? Lehner na Pretorius waliifuatilia kwa kompyuta mwaka 2010, mbali kupita daraja la kwanza. Uzi ukawa mashimo ya mviringo yaliyounganishwa na nyuzi nyembamba, kila uzi mwembamba ukayumba kivyake na kuzaa mashimo madogo zaidi, na hatua zikawa fupi zaidi na zaidi, zikielekea kukatika ndani ya muda wenye kikomo.

Kipimo kinachookoa muda: nishati kanoniki

Unaweza kujua kama breni itayumba bila kufuatilia wimbi hata moja. Mwaka 2012 Stefan Hollands na Robert Wald walitoa kipimo kinachoitwa nishati kanoniki, na nadhani ndicho kifaa ambacho kila mwanafunzi wa somo hili angepaswa kukipata mapema kuliko anavyokipata.

Kwa mtikisiko ambao hauharibu ulinganifu wa mzunguko wa shimo, na ambao katika daraja la kwanza haubadilishi uzito, mzunguko wala mwendo wa jumla, nishati hiyo ni

E = δ²M − Ω δ²J − (κ/8π) δ²A

yaani mabadiliko ya daraja la pili ya uzito M, ya mzunguko J, na ya eneo la upeo A; κ ni nguvu ya mvutano kwenye upeo. E ikiwa chanya kwa kila mtikisiko wa namna hiyo, shimo ni thabiti. Ikiwa hasi kwa mmoja tu, shimo halitatulia. Sababu ni kwamba mawimbi yanayotoka mbali na yanayoingia shimoni yanaweza kuipunguza E tu. Ikianza hasi, haiwezi kurudi sufuri, na mfumo uliotulia ungetaka sufuri.

Tuijaribu kwa uzi wetu, na hesabu hii inatosha daftari la shule. Entropia ya kipande cha uzi ni sawia na mraba wa uzito wake. Chukua vipande viwili jirani, kila kimoja uzito 1: entropia ni 1 + 1 = 2. Hamisha 0.1 kutoka kimoja kwenda kingine: 1.1 mraba ni 1.21, na 0.9 mraba ni 0.81, jumla 2.02. Uzito wa jumla ni uleule, eneo limeongezeka. Kwa hiyo δ²A ni chanya, δ²M ni sufuri, E ni hasi. Uzi utayumba, mradi vipande viwe virefu kiasi cha kutohesabu gharama ya mkunjo kati yao.

Dada mmoja anayefundisha fizikia kidato cha sita aliuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: “Mwalimu, shimo la kawaida nalo entropia yake ni mraba wa uzito. Mbona halivunjiki?” Jibu liko kwenye sharti la uzito kutobadilika. Shimo la Schwarzschild hupoa likiongezwa nishati, na hilo kweli ni kutotulia kwa joto. Lakini shimo moja halina jirani wa kumpa uzito wala wa kumpokea. Mtikisiko pekee ambao ungetumia udhaifu wake ungebadilisha uzito wa jumla, nao hauruhusiwi. Ukilitandaza shimo hilohilo liwe uzi, jirani anapatikana, na udhaifu uliokuwa umelala unaamka. Gubser na Mitra walikisia uhusiano huu wa joto na kuyumba kwa breni mwaka 2000, na Hollands na Wald wakathibitisha upande muhimu wake: shimo likiwa na udhaifu huo wa joto, breni yake huyumba kwa mawimbi marefu ya kutosha.

Sasa geuza. Breni nyeusi bapa katika anga ya anti-de Sitter ya dimensheni tano ina entropia inayokwenda kama nishati kwa kipeo 0.75. Vipande viwili vyenye 1 na 1 vinatoa 2, 1.1 na 0.9 vinatoa 1.0741 + 0.9240, yaani 1.9981. Imepungua. Njia hii ya kuhamisha uzito imefungwa, na ukiona breni hiyo ikiyumba kwa mtindo wa Gregory na Laflamme, rudi kwenye gridi yako.

Dalili: kipimo cha E na kipimo cha entropia havikubaliani

Mtu analinganisha uzi wa urefu L na shimo moja la mviringo la dimensheni tano lenye uzito uleule. Kwa hesabu ya haraka, shimo la mviringo linashinda kwa entropia pale L inapopita takribani mara 5.3 ya r0. Lakini kuyumba kunaanza mara 7.2. Katikati, uzi una entropia ndogo kuliko mshindani wake na bado umetulia.

Hakuna kilichoharibika. E inapima mtikisiko mdogo, kama kuna mteremko hapo uliposimama. Kulinganisha entropia za maumbo mawili ya mbali kunasema tu kwamba kuna bonde refu zaidi mahali fulani, bila kusema kama kuna njia ya kushuka kutoka hapa. Ukitaka kujibu swali la mitikisiko midogo, tumia E.

Angalizo jingine: kwa mashimo yanayozunguka, mitikisiko isiyofuata ulinganifu wa mzunguko inaweza kutoa nishati hasi kupitia upeo, ndilo lile jambo la Zel'dovich, na hapo hoja ya E kupungua tu haisimami kwa namna niliyoieleza. Usiitumie kwa m isiyo sifuri bila kazi ya ziada.

Mashimo yaliyo kwenye ukomo

Shimo lenye chaji au mzunguko wa juu kabisa unaoruhusiwa lina tabia yake. Aretakis alionyesha mwaka 2011 kwamba kwenye upeo wa shimo kama hilo mtikisiko wenyewe unafifia, lakini mteremko wake kuvuka upeo haufifii, na mteremko wa mteremko unakua. Ukikagua ukubwa wa mtikisiko pekee hutaona kitu. Kagua vinyambulisho (miteremko hiyo) pia, pale pale kwenye upeo.

Ukikwama bado, leta haya

Kikundini huwa tunamaliza tatizo haraka mtu akija na vitu hivi vimeandikwa: shimo lipi na dimensheni ngapi, l, m, na k (namba ya wimbi kwenye z) kama ipo, desturi ya alama ya wakati, masharti ya kila mpaka kwa sentensi moja, urefu wa sanduku ukigawanywa kwa r0, hatua ya wakati na nafasi ya gridi, na grafu mbili za jambo lilelile, ya gridi nzima na ya gridi ya nusu, zikiwa kwenye karatasi moja. Kwa breni, ongeza jinsi entropia inavyotegemea uzito, hata kama umeipata kwa kuinakili. Grafu moja peke yake, hata iwe nzuri kiasi gani, hatuwezi kuisoma.